Nilisikia Kiswahili kwenye chumba cha kufulia, nikapita kimya

Shikamoo Somo,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mzaliwa wa Muheza, Tanga. Nakuandikia kutoka Phoenix, Arizona, nimekaa chini jikoni kwa sababu vigae vya sakafu ndivyo vyenye ubaridi kuliko kitu chochote humu ndani. Ni saa tisa mchana, mwezi wa Agosti. Mwanangu wa miaka mitatu amelala. Mapazia nimeyafunga tangu saa mbili asubuhi na sitayafungua mpaka jua lizame, kwa hiyo mchana wetu huku tunauishi gizani.

Nyumbani nilikuwa mwalimu wa chekechea kwa miaka sita. Mume wangu alitangulia Marekani nikiwa na mimba ya huyu mtoto, akahangaika na makaratasi mpaka akatupata. Tulifika Juni mwaka huu. Siku ya kuagwa, ua wa mama ulijaa watu, zilipikwa sufuria tatu za pilau, na kila aliyenishika mkono aliniambia nimeula. Niliamini. Marekani niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa na barabara zilizojaa watu, majumba marefu, miti mikubwa na theluji. Ndege ilipoanza kushuka nikachungulia dirishani, nikaona nyumba za rangi ya mchanga juu ya mchanga, zimepangwa kama viberiti hadi macho yanapokomea. Tulitoka uwanjani saa kumi na moja jioni. Mlango ulipofunguka, nilidhani kuna lori limenielekezea eksozi.

Joto nalijua, Somo. Nimezaliwa Tanga. Lakini joto la kwetu lina unyevu, jioni lina upepo, na lina kivuli cha mwembe chenye watu wanaozungumza. Huku kanga inakauka kabla sijamaliza kuanika ya pili. Bomba la maji baridi linatoa maji ya moto. Kifungo cha mkanda wa gari kilimchoma mtoto pajani wiki ya kwanza, na mpaka leo akiona gari analia. Wiki iliyopita ukuta wa vumbi ulikuja kutoka kusini, mrefu kuliko majengo yote, mchana ukageuka usiku. Nilimkumbatia mwanangu bafuni nikasoma Ayatul Kursiyyu mpaka ukapita.

Tunakaa ghorofa ya pili. Dirishani naona maegesho, ukuta, na barabara ya njia sita. Siku moja nilikaa nikahesabu kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Walipita watu wawili kwa miguu, na mmoja wao alikuwa akisukuma kitoroli cha dukani chenye mali yake yote. Jirani wa mlango wa pili alinijibu salamu kwa tabasamu zuri, nikajua tumeanza. Wiki iliyofuata alihama.

Mume wangu anaendesha lori la masafa marefu. Anakaa njiani wiki tatu, anarudi siku nne, na katika hizo nne moja na nusu analala. Mtoto bado anamwita "yule baba". Hanipigi, hanitukani, pesa ya matumizi anaacha. Lakini tangu siku ya kwanza alinionya nisijichanganye na Waswahili wa hapa, watatutangaza. Gari linakaa chini, sijui kuliendesha. Basi linapita kila baada ya nusu saa, na kungojea nusu saa na mtoto juani siwezi.

Kuna jambo moja nimelificha hata kwa mume wangu. Mwezi uliopita nilishuka na nguo kwenye chumba cha kufulia, nikamsikia mama mmoja akimwita mwanawe, "Kuya hapa, mutoto!" Moyo uliniruka. Ni Kiswahili, Somo! Cha Kongo, lakini ni Kiswahili. Akageuka akanitazama, akaitazama kanga yangu, akawa kama anataka kusema neno. Nikakumbuka maonyo ya mume wangu. Na nikiwa mkweli, nilijiambia pia, hawa ni wakimbizi, mimi si mkimbizi. Nikachukua nguo zangu hazijakauka vizuri, nikapanda juu. Tangu siku ile nafua usiku nisikutane naye.

Mama ninamtumia picha za bwawa la kuogelea la hapa kwenye majengo yetu, ambalo sijaliingia hata mara moja. Namwambia niko raha mustarehe. Mdogo wangu ameanza kuniuliza naye atakuja lini. Nikisema ukweli wataniona nakufuru neema, kwa maana kuna watu wangeuza shamba wapate nafasi hii. Jioni ikifika saa kumi machozi yananitoka bila sababu, kila siku. Chakula hakinipiti. Usiku nalala kwa muda wa saa tatu au nne tu.

Nirudi kwetu? Au kasoro ni yangu mimi, mji hauna kosa?

Mwana wa Muheza, Phoenix

*

Marahaba mwanangu, na marahaba nyingine ya huyo mdogo aliyelala.

Kasoro si yako. Naliweka hilo mwanzo kabisa, maana naona umekuwa ukijiuliza peke yako gizani miezi mitatu, na swali la namna hiyo likikosa mtu wa kulijibu hugeuka jibu lenyewe.

Phoenix naijua kidogo. Binti yangu anaishi Mesa, mji ulio karibu nayo upande wa mashariki, nami nimekaa kwake majira mawili ya baridi na kiangazi kimoja. Na kabla ya hapo najua kuingia mji wa jangwani ukiwa mgeni. Niliingia Maskati mwaka 1976, Juni kama wewe, bibi harusi wa miaka 22 kutoka Unguja. Sultan Qaboos wa Omani alikuwa na miaka sita tangu ashike nchi, Maskati nzima ilikuwa inachimbwa na kujengwa, na nyumba yetu ya mtaa wa Ruwi ilizungukwa na vumbi na mashine. Mume wangu alikuwa akitoka alfajiri na kurudi usiku. Nilikaa ndani karibu miezi miwili. Nayajua hayo mapazia yako.

Nianze na kalenda, kwa sababu hakuna aliyekueleza. Umeingia Phoenix katika mwezi ambao wenyeji wenyewe wanajificha. Kule kiangazi ndiyo msimu wa kujifungia, kama Januari ilivyo kwa watu wa Minnesota, jimbo la baridi kali. Barabara uliyoihesabu kutoka dirishani haina watu kwa sababu kutembea mchana wa Julai kunaua. Mwaka 2023 joto lilifika nyuzi 43 au zaidi kwa siku 31 mfululizo, na kwa mwaka huo kaunti ya Maricopa, ambamo Phoenix imo, ilihesabu vifo 645 vinavyohusiana na joto. Hospitali za huko kila kiangazi hupokea watu walioungua ngozi kwa kuanguka tu juu ya lami. Kwa hiyo kumzuia mwanao asitoke saa sita mchana ni kumlinda, usijilaumu kwa hilo. Tembea naye kabla ya saa kumi na mbili asubuhi au usiku, chukua maji hata kama ni hatua mia mbili, na usimwache ndani ya gari hata dakika moja.

Sasa wewe umeutazama mji ukiwa umejificha, ukaona umekukimbia wewe. Kuanzia katikati ya Oktoba utashangaa. Madirisha yanafunguliwa. Watu wanatoa viti nje. Mabustani yanajaa watoto, familia za Kimeksiko zinachoma nyama, wazee wanatembea na mbwa kandokando ya ile mifereji ya maji, mifereji ambayo baadhi yake inafuata njia zilezile zilizochimbwa na Wahohokam, wenyeji wa kale wa bonde lile, karne nyingi kabla ya Mzungu kufika. Hali hiyo huendelea mpaka Aprili. Binti yangu ana marafiki ambao kiangazi hawaonani kabisa, ikifika Novemba wanarudiana kama watu waliokuwa safarini.

Na hilo jangwa si maiti kama unavyoliona kutoka ghorofani. Lina misimu miwili ya mvua, moja ya majira ya baridi na moja hii ya radi uliyomo sasa, kama sisi tulivyo na vuli na masika. Ule ukuta wa vumbi ni kitangulizi cha mvua hizo, na wenyewe wanauita habub, neno la Kiarabu lililotoka Sudan. Ile miti ya miiba yenye maganda marefu kwenye maegesho ni ukoo mmoja na mathenge wanayoilalamikia watu wa Baringo kule Kenya. Lakini kitu ninachotaka ukingoje wewe mtu wa Muheza ni mwezi wa Machi. Phoenix ilikuwa nchi ya mashamba ya machungwa kabla nyumba hazijayameza, na miti mingi imebaki kwenye nyua za watu. Machi inachanua. Usiku ule wa kwanza nilipotoka nje kwa binti yangu nilisimama mlangoni sikuweza kwenda mbele, harufu ya maua ya machungwa ilikuwa imejaa mtaa mzima. Wewe uliyekulia kwenye michungwa utaijua kabla hujafika kwenye ngazi.

Hayo ya msimu yatakuja yenyewe. Kuna lisilokuja lenyewe.

Barua yako niliisoma mara tatu, na mara zote nilikwama kwenye chumba cha kufulia. Miezi mitatu umeomba mtu. Mtu akaja, akasimama mbele yako na kikapu cha nguo, akazungumza lugha yako, nawe ukapanda ngazi na nguo mbichi. Sikulaumu. Mtu akikaa sana na upweke huuzoea, hata akaanza kuulinda. Ila umeniandikia kwamba ulijiambia yeye ni mkimbizi, wewe si mkimbizi, na hapo nataka tuzungumze kama mtu na mwanawe.

Huyo mama anayesema "kuya" na "mutoto" huenda ametoka Kivu ya Kusini. Wakongomani wengi waliopelekwa Marekani walipita kwanza kwetu. Kambi ya Nyarugusu iko Kasulu, mkoa wa Kigoma, na imekuwapo tangu 1996. Kuna watu walioingia pale wakiwa wachanga wakatoka wakiwa na watoto. Inawezekana kabisa huyo unayemkimbia amekula dagaa wa Kigoma miaka mingi kuliko wewe, amesikiliza redio ya Tanzania, na alipoiona kanga yako aliona nchi iliyomlea. Kile kilichomjaa mdomoni asikiseme, mwanangu, labda kilikuwa ni swali tu: "Wewe ni wa Tanzania?" Na sombe anayoipika ni kisamvu chako. Atakuwa ameshajua duka gani la Waasia linalouza majani ya muhogo yaliyogandishwa, wapi pa kupata ndizi mbichi na mihogo kwa Wameksiko, na kwamba ile "jamaica" wanayoiuza kwenye magunia ni rozela. Atajua basi gani halichelewi. Mtu aliyeanza maisha upya mara mbili au tatu ana elimu ambayo mimi na wewe hatuna.

Nikuambie jinsi nilivyotoka ndani Ruwi. Ilikuwa adhuhuri, nikasikia harufu ya nazi inachemka kutoka nyumba ya nyuma. Nazi, katika nchi isiyokuwa na mnazi wowote niliouona. Nilijifunga buibui nikaenda kupiga hodi, nikaomba chumvi. Chumvi nilikuwa nayo tele. Akanifungulia mwanamke wa Mkunazini, kwetu Unguja, akanitazama bakuli langu, akanivuta mkono akaniingiza. Hakunipa chumvi siku ile, tulisahau. Tulikaa naye miaka thelathini na minane, mpaka siku niliyokuwa miongoni mwa waliomwosha.

Kwetu mgeni akihamia, wenyeji ndio wanaokwenda kumpiga hodi, na wewe umekaa ukiisubiri hodi hiyo. Phoenix hodi hiyo haitapigwa. Si kwa ukatili. Watu wanafanya kazi zamu mbili, wanahama kila mkataba wa nyumba unapokwisha, na nyumba zimejengwa mtu atoke kitandani aingie garini asionane na yeyote. Wengi nyuma ya milango hiyo wanangoja kama unavyongoja. Kwa hiyo hodi ni yako, nawe ndiye mgeni. Najua ni kinyume na ulivyolelewa.

Mume wako. Mtu anayeacha pesa ya matumizi na kurudi nyumbani siku alizosema si mtu mbaya, na sitaki usome hapa neno la kukuchonganisha naye. Hofu yake ya umbea ina asili yake, kuna jamaa zetu ughaibuni wamevunja nyumba za watu kwa maneno. Lakini amekupa amri ambayo yeye mwenyewe haimgharimu sawasawa na wewe. Yeye akisimama kwenye vituo vya malori anazungumza na madereva wenzake, ana redio, ana simu sikioni. Wewe anakuacha na mtoto na kuta nne. Huenda hajaliona hilo, kwa sababu ulimwambia uko salama, kama ulivyomwambia mama.

Mwambie siku ya pili ya kurudi kwake, akishalala usingizi wake akaoga na kula. Usianze na malalamiko juu ya mji, ataona unamlaumu kwa miaka aliyohangaika na makaratasi. Anza na machozi ya saa kumi. Mwambie yanatoka kila siku, chakula hakipiti, na kwamba unahitaji mambo mawili kwake. La kwanza, ruhusa ya moyo wake, ujuane na wanawake wa jengo lenu, nawe utajua cha kusema na cha kunyamazia, umri wako si wa kufundishwa hilo. La pili, gari.

Gari ni lazima, Phoenix bila gari ni kifungo. Katika Arizona ukipata leseni ya kujifunzia unaruhusiwa kuendesha ukiwa na dereva mwenye leseni wa miaka 21 au zaidi kwenye kiti cha mbele. Mume wako ni dereva wa kazi, ungepata mwalimu gani bora? Jumapili saa kumi na moja alfajiri barabara hizo za njia sita ni tupu. Mji wenyewe ni rahisi kuujua, umechorwa kama karatasi ya hesabu. Central Avenue iko katikati, barabara zenye namba upande wa magharibi huitwa Avenue, za mashariki huitwa Street, ukijua hilo hupotei. Na huyo mtoto anayemwita "yule baba" atakaa kiti cha nyuma akiwasikiliza nyote wawili mnacheka. Funika vifungo vya mikanda kwa kitambaa, asiungue tena.

Kabla leseni haijatoka, tafuta sehemu moja tu ya kwenda, siku ileile na saa ileile kila wiki. Usitafute tano. Kwako wewe nadhani ni maktaba ya umma iliyo karibu, maana ina kiyoyozi, ni bure, na kuna saa ya hadithi kwa watoto wadogo. Wiki ya kwanza hakuna atakayekusemesha. Ya pili pia. Ya nne kuna mama atakuuliza mwanao anaitwa nani. Wewe mwalimu wa chekechea unajua jinsi watoto wanavyowakutanisha watu wazima. Halafu uliza habari za Head Start, mpango wa serikali wa shule ya awali ambao ni bure kwa familia za kipato cha chini, kuanzia miaka mitatu. Wazazi hukaribishwa kujitolea darasani. Sijui kwa nini katika barua nzima ualimu wako umeutaja kwa sentensi moja kama kitu kilichozikwa Muheza. Darasa lenye watoto wa Kikongo na Kirundi waliozaliwa juzi Arizona linamtaka mtu kama wewe zaidi ya unavyolitaka wewe. Vyuo vya Maricopa vina madarasa ya Kiingereza kwa watu wazima, nayo uyapitie polepole, huko nyuma ya dawati moja atakaa Mburma, mbele Msyria, na wote wamefika na mapazia yao.

Kuhusu mama. Acha zile picha za bwawa. Kila picha unayotuma inakuondolea mtu mmoja ambaye ungeweza kumlilia. Mama aliyekuzaa amekuona ukiwa na surua, hataanguka akisikia una huzuni. Mwambie: "Mama, nimefika salama, mume ananitunza, lakini mji ni mgumu na nakukumbuka." Hiyo si kufuru. Na mdogo wako anastahili ukweli kuliko mtu yeyote, kwa sababu anataka kuipanga safari yake juu ya picha zako. Weka saa maalumu. Arizona haibadilishi saa zake kama majimbo mengine, tofauti yenu na Tanzania ni saa kumi mwaka mzima. Saa mbili yako ya usiku, mtoto akishalala, ni saa kumi na mbili asubuhi Muheza. Mama ameshasali, anachemsha chai. Utayasikia majogoo.

Sasa lile ambalo sitaki ulichukulie kama shairi. Kulia kila siku saa ileile, kutokula, kulala saa tatu au nne kwa miezi, hayo ni maradhi yanayoanza, na maradhi hutibiwa. Nenda kwa daktari, mweleze hivyohivyo ulivyoniandikia mimi. Hospitali na zahanati zinazopokea fedha za serikali ya Marekani zinapaswa kukupa mkalimani bila malipo, sema tu "Swahili", usikubali mtoto au mume akutafsirie jambo la ndani yako. Namba 211 watakuelekeza kliniki iliyo karibu na msaada wa bili ya umeme ikizidi kiangazi hiki. Na ikija siku ukaona heri usiwepo, piga 988 usiku au mchana, omba mkalimani, usikate simu. Niahidi hilo hata kama unaona halikuhusu.

Umeuliza urudi. Sitakuambia rudi wala usirudi. Nakuomba usiamue mwezi wa Agosti. Mtu asiamue ndoa akiwa na homa. Ngoja mpaka Aprili, uwe umeiona nusu ya pili ya mwaka, umeendesha gari, umesema kweli nyumbani kwako na kwa mama. Ikiwa Aprili bado moyo unasema Muheza, niandikie, nitakusaidia kupanga jinsi ya kuliweka mbele ya mume wako, na kurudi huko hakutakuwa aibu. Nimewaona waliorudi wakastawi. Nimewaona pia waliobaki kwa kuogopa maneno ya watu, na hao ndio waliozeeka vibaya.

Lakini kesho usingoje Aprili. Kesho asubuhi, kabla jua halijapanda, kaanga maandazi, yale ya iliki na tui, hata kama tui ni la kopo. Weka saba kwenye sahani, ya kauri, si ya kutupa. Funika kwa kitambaa kisafi. Shuka na mwanao uwaulize watoto wanaocheza chini mama anayesema "kuya" anakaa mlango gani, watakuonyesha. Piga hodi kwa Kiswahili, kwa sauti, na ukifunguliwa mwambie kweli: "Nilikusikia siku ile nikaona haya, nisamehe." Usikae sana mara ya kwanza. Sahani iache huko.

Ataileta mwenyewe, na haitakuwa tupu. Niandikie uniambie ilirudi na nini.

Somo yako